Vitu Visivyokuja Ndani ya Boksi: Peugeot Iliyonitia Adabu Njia ya Nakuru

Wiki hii siasa za kaunti zitangoja. Nataka tuzungumze injini, kwa sababu naona vijana wetu wanazitoa Peugeot, Datsun na Land Rover za wazee wao chini ya miembe na kuanza kuzifufua. Ni jambo zuri. Lakini wengi wanafuata njia ile ile niliyoifuata mimi, na njia hiyo ilinifikisha kando ya barabara karibu na Gilgil, mama yangu mzazi ameketi kiti cha nyuma na kikapu cha mahamri mapajani, na injini niliyoijenga upya mwezi mmoja nyuma imekufa.

Marehemu baba, Mola amrehemu, alituachia Peugeot 504, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Wakubwa wenzangu wanaijua. Ilitoka Ufaransa 1968, baadaye ikawa inaunganishwa hapa hapa Kenya, na kabla Nissan hazijatawala biashara ya matatu ndiyo iliyokuwa ikikimbiza abiria kati ya Nairobi na Nakuru. Mtu alisema tu "napanda Peugeot" na kila mmoja akaelewa. Kwenye mashindano ya Safari ilishinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Kaka yake, 404, alikuwa ameshashinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Kwa hiyo baba alipoinunua hakununua sura. Alinunua chuma alichokwisha kukiona kikipita kwenye tope na vumbi.

Dada yangu ameolewa Nakuru, anakaa Bondeni mwaka wa ishirini sasa. Mama alitaka kwenda kumwona, na alitaka kwenda na gari la mumewe, si kwa basi wala kwa treni. Ombi kama hilo kwa mama halina mjadala. Gari lilikuwa limelala miaka sita. Tukalitoa, tukaliangalia, injini ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa buluu. Nikaamua tuifanyie ovahoo, yaani tuifungue yote tuijenge upya.

Mimi nina stashahada ya ufundi wa magari, ingawa riziki yangu siku hizi ni kalamu zaidi kuliko spana. Nilisimamia kazi mwenyewe. Sitaki kumlaumu mtu hapa, maana kila boliti iliyofungwa niliiona ikifungwa. Nilinunua boksi la spea za ovahoo: pistoni na laina zake nne, ringi, beringi za krankshafti na za konrodi, vali, gasketi zote. Krankshafti ikapelekwa karakana ya kukereza ikasagwa saizi ya kwanza. Ikarudi inang'aa kama kisu kipya. Tukaifuta kwa kitambaa na mafuta ya taa, tukafunga. Injini ikawaka mara ya kwanza. Tukaenda Malindi na kurudi, sauti nzuri, moshi hakuna. Nikajiona fundi.

Mombasa hadi Nakuru ni kama kilomita 640. Tulilala Nairobi kwa jamaa, asubuhi tukateremka Mai Mahiu, tukapita Naivasha. Tulipoanza kupanda kuelekea Gilgil nikasikia mlio, kama mtu anayegonga mlango kwa kifundo cha kidole. Taa nyekundu ya oili ikakonyeza, ikazima, ikawaka tena. Nikaegesha. Nilipojaribu kuiwasha ikagoma kuzunguka. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hii ndiyo ile injini mpya?"

Tulivutwa na bredauni hadi Nakuru. Shemeji yangu akanipeleka kwa fundi mmoja mzee ambaye amekula chumvi nyingi na magari ya Kifaransa. Siku ya tatu injini ilikuwa mezani, vipande vipande. Beringi ya konrodi ya tatu ilikuwa imeyeyuka na kujisokota. Mzee hakuitazama sana. Alichukua krankshafti, akatafuta waya mwembamba, akauingiza kwenye tundu la oili na kuuvuta polepole. Ulitoka na ute mweusi. Akanipaka kiganjani akaniambia, "Ustadh, sugua." Nikasugua. Ulikuwa unakwaruza kama mchanga wa ufuoni.

Ulikuwa unga wa jiwe la kusagia krankshafti, uliochanganyika na tope la oili la miaka arobaini.

Kisha akauliza kama bado ninalo lile boksi la spea. Nikamwambia nililitupa. Akasema: "Kila kilichokuwa ndani ya boksi ulibadilisha, nimeona. Sasa tuanze na ambavyo havikuwa ndani."

Hapo ndipo palipo tatizo letu. Boksi hutengenezwa na mfanyabiashara, naye huweka vile vinavyochakaa katika kila injini na vinavyouzika. Sisi tukishalifungua tunadhani tumekabidhiwa orodha ya kazi yote. Kumbe injini ina vitu vingine vidogo, vingi vikiwa ndani ya vitundu visivyofunguliwa, na havina gasketi ya kukukumbusha kwamba vipo.

Ili uelewe krankshafti yangu ilikufaje, fuata safari ya oili. Pampu huivuta kutoka sampu kupitia wavu, huisukuma kwenye filta, halafu huingia kwenye njia kuu iliyotobolewa ndani ya bloki kwa urefu. Kutoka hapo vijia vidogo huipeleka kwenye beringi kuu za krankshafti. Na kutoka beringi kuu, oili huingia ndani ya krankshafti yenyewe, kupitia matundu yaliyotobolewa kwa mshazari, hadi kwenye konrodi. Angalia filta iko wapi: iko mwanzo wa safari. Uchafu ulio ndani ya krankshafti uko mbele ya filta, hauna mlinzi. Tena krankshafti inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, kwa hiyo kila chembe nzito hutupwa nje kuelekea konrodi. Mtu akikuambia "lakini nimeweka filta mpya", mpe hongera, kisha mwulize kuhusu vile vijia.

Karakana ikisaga krankshafti, unga wa jiwe na chuma huingia kwenye matundu hayo bila kizuizi. Si kosa la anayesaga. Kazi ya kusafisha ni ya anayefunga. Krankshafti nyingi za zamani zina vizibo vidogo kwenye ncha za matundu hayo, vingine vya skrubu, vingine vimegongwa kwa nyundo kiwandani. Nyuma ya vizibo hivyo tope hujikusanya miaka na miaka na kuwa gumu kama lami. Lazima vitolewe, brashi nyembamba ndefu ipite kila tundu kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa petroli au mafuta ya taa, kisha maji ya moto na sabuni, kisha upepo wa kompresa, kisha oili papo hapo kabla kutu haijaanza. Upepo peke yake hautoshi. Upepo hupuliza vumbi kavu. Tope hilo haliendi kwa kupulizwa. Ndiyo maana safari ya Malindi ilipita salama. Ilikuwa fupi. Safari ya bara ilikuwa ndefu, oili ikapata moto ikawa nyepesi, ikaanza kuyeyusha lile tope na kulibeba.

Mambo ya krankshafti ni hayo hayo kwenye bloki. Ile njia kuu ya oili ilitobolewa kiwandani kutoka ncha moja hadi nyingine, halafu ncha zikazibwa. Vizibo hivyo huwa nyuma ya flaiwili na nyuma ya kifuniko cha cheni, mahali ambapo hutazami kama hukutumwa. Bila kuvitoa huwezi kuingiza brashi, na usipoingiza brashi hujaosha bloki. Umeiogesha uso tu. Ukivirudisha, hakikisha vimekaza na vimepakwa dawa ya kuzuia kuvuja. Kimoja kikichomoka ndani ya kifuniko cha cheni, presha yote ya oili itamwagika humo na hutaona tone chini ya gari. Utashangaa tu taa nyekundu imewaka na sampu imejaa.

Pampu ya oili ndiyo maskini wa injini. Inafanya kazi kuliko wote na haishukuriwi na mtu. Pampu ikiwa bado inasukuma, tunairudisha ilivyo. Lakini kila kipande cha beringi kilichowahi kuvunjika kilipitia pampu kabla ya kufika filta, na huacha mikwaruzo kwenye meno na kwenye kifuniko. Ifungue. Pima nafasi kati ya meno na ukuta kwa fila geji, kisha ulinganishe na kitabu cha injini hiyo. Kabla ya kuifunga ijaze vaselini, ile ya kawaida ya kupaka mwili, si grisi. Vaselini huyeyuka kwenye oili ikipata moto, na husaidia pampu kuvuta mara ya kwanza badala ya kuzungusha hewa.

Kando ya pampu, au ndani ya mwili wake, kuna vali ya kupunguza presha: kijipistoni kidogo na springi yake. Watu wengi waliofungua injini kumi hawajawahi kukishika. Oili ikiwa baridi na nzito, springi hubonyea na kuachia presha ya ziada irudi sampuni. Uchafu ukikikwamisha kikiwa wazi, huna presha. Kikikwama kimefungwa, presha hupanda hadi filta ikapasuka. Springi ya miaka hamsini nayo huchoka ikafupika. Pima urefu wake. Na hapa niseme jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu, Pwani na bara: mtu akiona presha ni ndogo huongeza wosha nyuma ya springi hiyo ili taa izime. Taa itazima kweli. Beringi zilizoisha zitabaki zimeisha. Ni sawa na kuziba mdomo wa mtoto anayelia njaa.

Sasa laina, na hapa wenye 504 na 404 wasogee karibu. Bloki ya injini hizi haina silinda zilizochongwa ndani yake. Ina laina nne zinazochomolewa, na maji ya rediata yanazigusa moja kwa moja kwa nje. Miguuni mwa kila laina kuna gasketi nyembamba ya mduara inayotenganisha maji na sampu. Gasketi hizo zipo ndani ya boksi, kweli, lakini kikao chake hakimo. Kikao ni ule ukingo ndani ya bloki ambao laina inaukalia, na huko chini hukusanyika kutu na chokaa. Usipokikwangua hadi chuma kitupu, laina itakaa upande mmoja juu, upande mwingine chini. Laina inatakiwa itokeze kidogo juu ya uso wa bloki, kiasi cha sehemu za mia za milimita, na zote nne ziwe karibu sawa, ili hedi ikifungwa izikandamize. Hilo hupimwa kwa geji ya saa, halipimwi kwa kucha. Kitabu kina vipimo.

Kuna kosa jingine linalofanywa na mafundi hodari kabisa. Laina zimekaa vizuri, pistoni zimo, hedi bado haijarudi, na mtu anashika puli na kuzungusha injini ili apate nafasi ya kufunga konrodi ya pili. Laina haijabanwa na chochote. Pistoni ikipanda huinyanyua kidogo, gasketi ya chini inakatika, na hakuna atakayejua. Wiki mbili baadaye oili inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Watu husema "hedi gasketi imeungua", wanafungua juu, wanabadilisha, na maji yanaendelea kuingia kutoka chini. Baba yangu alipitia hayo miaka ya tisini, nakumbuka, gari lilifunguliwa hedi mara tatu. Dawa yake ni vipande viwili vya bati nene na boliti za kuzibana laina mpaka hedi irudi. Havigharimu kitu.

Krankshafti pia hutembea mbele na nyuma, na kinachoizuia ni wosha za nusu mwezi zinazokaa kwenye beringi kuu mojawapo. Kila unapokanyaga klachi unaisukuma krankshafti mbele, na wosha hizo ndizo zinazobeba. Hebu fikiria msongamano wa Nyali saa kumi na moja jioni, klachi mara ngapi? Mara nyingi huuzwa mbali na boksi. Zina upande wenye mifereji, na upande huo hutazama krankshafti. Ukizigeuza, mifereji ikatazama bloki, hazitapata oili na zitalika upesi. Ukitaka kujua zako zikoje kabla hata hujafungua injini, mwambie mwenzako akanyage klachi, wewe tazama puli ya mbele. Ikisogea kwa kiasi cha kuonekana na jicho, kuna kazi.

Nipite haraka kwa mengine. Pistoni mpya huja na pini mpya, lakini injini nyingi za enzi hizo zina bushi ya shaba kwenye kichwa kidogo cha konrodi, na bushi ile ni ya zamani. Pini mpya ndani ya bushi iliyolika inagonga, na utaitafuta sauti hiyo hadi uzeeke. Tensheni ya cheni inayosukumwa na oili huwa na kichujio kidogo nyuma yake katika baadhi ya injini, hasa za Kifaransa. Ni kidogo kama kifungo cha shati na hupotea kwenye mafuta ya taa. Shafti ya roka huko juu ni bomba, ndani huziba tope, chini hulika mahali roka inapokaa. Ivute roka zote utazame upande wa chini. Na mkiani mwa krankshafti kuna kibushi kinachoshika ncha ya shafti ya giaboksi, ambacho ukikisahau utakikumbuka siku ya kushusha giaboksi tena.

Wenye Datsun wa aina ya 1600 na 240Z, zile zilizoshinda Safari 1970, 1971 na 1973, wao kamshafti iko juu, kwenye hedi. Nyingi kati ya injini hizo zina bomba jembamba linaloirushia oili kamshafti kwa juu. Likipasuka au vitundu vikiziba, kamshafti mpya inaliwa. Bomba hilo hufunguliwa na boliti mbili tatu, likawekwa dirishani, na hakuna anayelikumbuka kulipitisha waya.

Mzee wa Nakuru alinieleza pia kwa nini magari ya huko yanakufa kwa namna yake, na sisi wa Pwani kwa namna yetu. Karibu na Gilgil, mahali paitwapo Kariandusi, kuna machimbo ya udongo mweupe. Udongo ule ni mabaki ya mwani mdogo sana wa ziwani uliokuwa na maganda ya silika, asili moja na kioo. Viwandani hutumika kuchuja vinywaji na pia kung'arishia chuma. Bonde lote lile, hadi Elmenteita na Naivasha, lina majivu ya volkano na vumbi laini la namna hiyo. Ndilo mnaloliona kwenye picha za Safari tangu iliporudi kwenye mashindano ya dunia 2021 na kuweka makao Naivasha. Vumbi la kung'arishia chuma likipita eyaklina iliyopasuka, ringi mpya huisha kabla hazijazoea laina. Kwa hiyo bomba la mpira kati ya eyaklina na kabureta ni sehemu ya ovahoo, hata kama liko nje ya injini.

Halafu kuna maji. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na kwenye kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 94, si 100 kama huku kwetu. Kinachoyazuia kuchemka ni presha ndani ya rediata, na presha hiyo hushikwa na kifuniko chenye springi na mpira. Kifuniko kilichochoka kinaweza kukuvumilia Mombasa miaka, kikakuaibisha siku ya kwanza Mau Summit. Maji ya visima vya huko ni mazito kwa madini, huacha magamba ndani ya bloki. Lakini tusicheke. Sisi hapa tunajaza rediata kwa maji ya kisima yenye chumvi, tena tunaona ni uchumi mzuri. Hedi ya 504 ni ya alumini. Chumvi na alumini, mwanangu, havikai nyumba moja. Tumia maji ya mvua au maji ya betri pamoja na dawa ya rediata.

Kwenye ubavu wa bloki kuna vifuniko vya bati vya mviringo, vimegongwa ndani ya matundu. Vinaoza kutoka ndani, kwa hiyo ukivitazama nje unaona rangi nzuri. Vyangu vilikuwa vimebaki unene wa karatasi. Kimoja, kile cha nyuma kabisa, hakifikiki gari likishafungwa bila kushusha giaboksi. Mzee alikichoma bisibisi kwa mkono, bila nyundo, ikapita. Alitoa vyote, na nyuma yake tukakwangua matope mekundu yaliyojaa kopo la maziwa. Mdharau mwiba mguu huota tende, tuliambiwa tukiwa chuoni, na mimi nilikuwa na miiba mitano ubavuni mwa bloki na nikaipaka rangi mpya.

Wazee wetu wa majahazi walilijua jambo hili zamani. Chombo kikipandishwa ufuoni, kalafati hatazami mbao zilizo imara na kusifu. Anapita na kidole kwenye kila mshono, hata uliokaa vizuri, anachomoa pamba ya zamani anatia mpya. Hangoji kuona maji. Fundi wa Nakuru hajawahi kupanda jahazi maishani mwake, lakini alikuwa na tabia hiyo hiyo. Alikuwa na daftari la shule, la mraba mraba, na kila tundu la injini yangu alilipa namba na kuandika: limetolewa kizibo, limepigwa brashi, limepulizwa, limezibwa. Lilipofika mwisho, yalikuwa matundu zaidi ya thelathini. Mimi na stashahada yangu nilikuwa nimeosha matatu.

Krankshafti ilisagwa tena, saizi ya pili, na mara hii ilipotoka karakana hatukuitia hata kwenye chumba cha kufungia mpaka imeoshwa. Beringi zilipimwa kwa ule uzi laini wa plastiki: unaulaza juu ya chuma, unafunga kofia ya beringi kwa kipimo chake, unafungua, na upana wa uzi uliobanjika unakuambia nafasi ya oili. Siku ya kuwasha, hakuwasha. Alitoa plagi zote nne, akafunga geji ya presha mahali pa swichi ya taa, akazungusha kwa stata kidogo kidogo mpaka mshale ukapanda. Ndipo akarudisha plagi. Aliniambia dakika ile ya kwanza bila oili huila beringi mpya kuliko mwaka mzima wa barabara.

Gharama sitazificha. Ovahoo ya pili ilinigharimu karibu sawa na ya kwanza, pamoja na bredauni. Lakini vile vitu tulivyovisahau mara ya kwanza, yaani vizibo, springi, wosha za nusu mwezi, vifuniko vya bati na mabrashi ya kusafishia, vyote kwa pamoja havikufikia bei ya pistoni moja. Kijana anayeanza kazi hii leo hapa Mombasa au Lamu, kabla hajanunua boksi, na atafute kitabu cha injini yake, akiwa nacho atazame michoro ya njia za oili na njia za maji, ahesabu kila tundu. Akipeleka kwa fundi, aulize swali moja: vizibo vya njia za oili utavitoa? Fundi akishangaa, ashukuru, atafute mwingine.

Mama alikaa Bondeni wiki tano akisubiri gari, na sikusikia lawama. Nadhani alifurahi. Tulirudi Mombasa na 504, kwa mwendo wa kiungwana, tukasimama Voi kuswali. Nilipofika kilomita mia tano nilimwaga oili, nikaikata filta kwa msumeno na kuikunjua karatasi yake juani kama mzee alivyoniagiza. Hamkuwa na chuma hata chembe. Mlikuwa na uzi mmoja mweupe wa kitambaa, na ninajua ni wangu, kwa sababu mzee alinikataza kufuta kwa kitambaa na nikafuta alipokwenda kunywa chai.